CBD kwa mbwa mwenye maumivu ya viungo: maana yake, na sheria inasemaje

Kaka yangu anaishi Marekani. Siku moja alipita duka la vyakula vya mbwa, akaona kichupa cha kioo cha kahawia chenye picha ya mbwa mzee kwenye lebo, akanipigia simu papo hapo. "Mdogo wangu, kuna mafuta ya viungo vya mbwa hapa, yanaitwa CBD. Nikija Desemba nimletee Simba?" Simba alikuwa mbwa wetu wa jamii ya German Shepherd, miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi alijaribu mara mbili tatu ndipo miguu ya nyuma ikubali kumnyanyua. Nilimpenda sana mbwa yule. Hata hivyo nilimwambia kaka asilete. Naeleza hapa kwa nini, maana neno hili CBD sasa linapita kutoka simu hadi simu miongoni mwa wafugaji wa mbwa, na mara nyingi linapita bila maana yake.

CBD ni kifupi cha kanabidioli, kemikali mojawapo kati ya zaidi ya mia moja za ukoo mmoja zilizomo kwenye mmea wa bangi. Ndugu yake anayejulikana zaidi ni THC, na huyo ndiye anayelevya. CBD hailevyi. Mkemia wa Marekani, Roger Adams, aliitenga mwaka 1940. Umbo lake kamili lilijulikana 1963 kwa kazi ya Raphael Mechoulam na wenzake huko Israel, ambao mwaka uliofuata waliitenga THC pia. Mafuta ya mbwa yanayouzwa huwa ni CBD iliyokamuliwa kutoka kwenye mmea na kuchanganywa na mafuta ya kula, mara nyingi ya nazi au ya samaki.

Kwenye lebo hutaona neno bangi. Utaona "hempu". Wapo wanaolitafsiri neno hilo kuwa katani, na hapo mkanganyiko unaanza. Katani tunayoijua sisi, ile ya Tanga, ni nyuzi za mkonge, mmea wenye asili ya Mexico usio na udugu wowote na bangi. Hempu ni bangi ile ile kwa spishi, ila ni mbegu zilizochaguliwa ili ziwe na THC kidogo sana. Mtu akikuambia mafuta haya hayatokani na bangi bali na hempu, ni kama amekuambia huu si unga wa mahindi, ni wa mahindi ya njano.

Sasa kwa nini mtu afikirie kumpa mbwa? Viungo vya mbwa mzee huharibika kama vyetu. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inalika. Ute wa kiungo unapungua uzito. Kiungo kinavimba na kukakamaa. Watu huita baridi yabisi, ingawa jina hilo limebeba magonjwa kadhaa. Madaktari wa wanyama huuita huu wa kulika osteoathritisi. Jamii kubwa kama German Shepherd na Labrador hupata zaidi kwenye nyonga, kwa sababu baadhi yao hurithi kasoro ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa hakikai vizuri kwenye kikombe chake. Mbwa hasemi. Anachofanya ni kusita mbele ya ngazi, kulamba goti lile lile kila siku, kuacha kukimbilia geti gari linapopiga honi. Wengi husema amezeeka tu, wakati mnyama yuko kwenye maumivu.

Mwili wa mbwa, kama wa mtu, una mfumo wake wa kutengeneza kemikali zinazofanana kazi na zile za bangi. Ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1992, ilipewa jina anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Kemikali hizi hushika kwenye vipokezi vilivyo kwenye neva, ubongo na chembe za kinga, na husaidia kupunguza au kuongeza ishara za maumivu. THC hukaa kwenye vipokezi hivyo moja kwa moja. CBD haivishiki kwa nguvu. Inapita njia za pembeni, ikiwemo kipokezi kile kile kinachoamshwa na ukali wa pilipili. Hiyo ndiyo nadharia ya kwamba inaweza kutuliza uvimbe na maumivu bila kulevya. Ni nadharia yenye mantiki, lakini mantiki peke yake haijawahi kumsimamisha mbwa.

Kwa hiyo tutazame majaribio. Lililosambaa zaidi lilifanyika Chuo Kikuu cha Cornell, New York, likachapishwa 2018. Mbwa 16 wenye ugonjwa huu walikamilisha jaribio. Kila mmoja alipewa mafuta ya CBD kwa wiki nne na mafuta matupu kwa wiki nne, pakiwa na mapumziko katikati, bila mwenye mbwa wala daktari kujua ni zamu ya yapi. Kipimo kilikuwa miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Wakati wa CBD, maumivu yalipungua na mbwa walichangamka zaidi, kwa mujibu wa wenye mbwa na madaktari. Matokeo mazuri. Jaribio lilidhaminiwa na kampuni iliyotengeneza mafuta yenyewe, jambo ambalo haliyafanyi kuwa uongo ila linataka tusubiri mwingine naye aseme.

Mwingine alisema. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State walichapisha jaribio la mbwa 23, kwa kipimo cha juu kidogo, miligramu 2.5 kwa kilo mara mbili kwa siku. Hawakuona tofauti kati ya CBD na mafuta matupu. Katikati ya hayo mawili kuna jaribio la Texas la mwaka 2020, mbwa 20, ambalo liliona nafuu kwenye kipimo kikubwa na si kwenye kidogo. Majaribio matatu, mbwa wachache, majibu yasiyopatana. Mimi nikiyasoma hivyo naona kitu ambacho huenda kinawasaidia baadhi ya mbwa, na sioni dawa iliyothibitishwa. Anayekuuzia kwa kukuhakikishia anauza uhakika ambao wanasayansi wenyewe hawana.

Jambo moja lilijirudia Cornell na Colorado: vipimo vya damu vya baadhi ya mbwa vilionyesha vimeng'enya vya ini kupanda, ishara kwamba ini huenda limeelemewa. CBD husagwa na ini, na inaweza kuzuia ini kusaga dawa nyingine. Kwa mbwa wa kifafa anayetumia fenobabito hili si dogo. Na ukitaka kuona ukubwa wa kipimo, piga hesabu: mbwa wa kilo 30 kwa kipimo cha Cornell anapata miligramu 120 kwa siku. Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza, kwa kuhofia ini, ilishauri Oktoba 2023 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 za CBD kwa siku kutoka kwenye vyakula. Matone mawili matatu ambayo watu humwekea mbwa kwenye ugali yanaweza kuwa mbali kabisa na kipimo kilichojaribiwa, ama chini, ama juu.

Hatari kubwa zaidi ni THC iliyobaki ndani ya chupa. Mbwa huathirika na THC kuliko sisi, kwa kuwa sehemu ya ubongo wake inayosimamia mizani ina vipokezi vingi mno. Mbwa aliyekula THC huyumba kama mlevi, hushtuka kwa sauti ndogo, mkojo humtoka bila yeye kujua, mwili hupoa na moyo huweza kwenda polepole. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imepima bidhaa za CBD sokoni na kukuta nyingi hazina kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Ikiwa siku moja mbwa wako atapata bangi kwa namna yoyote, hata ni kitako cha sigara alichookota, mwambie daktari wa mifugo ukweli mzima. Watu huficha wakiogopa polisi, daktari anahangaika kutafuta sumu ya panya, na saa zinapotea.

Kwenye sheria, Marekani kwanza, kwa sababu habari nyingi za CBD zinatoka huko. Sheria ya Kilimo ya Desemba 2018 iliitoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya, mradi THC yake isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Watu wakasikia CBD imehalalishwa. Lakini kuruhusiwa kulima mmea hakuifanyi bidhaa yake kuwa dawa: hadi leo FDA haijaidhinisha CBD yoyote kwa ajili ya wanyama, na imeziandikia kampuni barua za onyo kwa kudai kwamba mafuta yao yanatibu. Madaktari wa wanyama wenyewe walibanwa. California ilibidi itunge sheria mwaka 2018 ili daktari aruhusiwe hata kuzungumzia bangi na mwenye mbwa, na nyingine mwaka 2022 ili aruhusiwe kuipendekeza. Kwa hiyo kile kichupa alichokiona kaka kilikuwa dukani, ila hakikuwa na idhini kama dawa ya mbwa.

Uingereza wamelinyoosha zaidi, na ndugu zetu wanaoishi huko wenye mbwa walijue hili. CBD ya watu inauzwa madukani London bila cheti cha daktari. Ukimpa mbwa wako chupa ile ile, unavunja sheria. Tangu Septemba 2018 kurugenzi ya dawa za mifugo ya huko imeihesabu bidhaa yoyote ya CBD kwa mnyama kuwa dawa, na hakuna iliyosajiliwa. Njia iliyopo ni daktari wa mifugo kuandika mwenyewe, kwa dhamana yake.

Huku kwetu hakuna hata hilo. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Kenya ina yake ya 1994 iliyofanyiwa marekebisho 2022. Sheria hizi zinautaja mmea wa bangi na bidhaa zake. Haziweki mstari wa asilimia 0.3 ambao chini yake mmea unageuka kuwa hempu halali. Na hata kama bangi isingetajwa popote, dawa ya mifugo ni lazima isajiliwe kwanza: Tanzania kwa mamlaka ya dawa, TMDA, Kenya kwa kurugenzi yao ya dawa za mifugo. Rwanda tangu 2021 inaruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa leseni, lakini zao hilo ni la kuuzwa nje.

Wengine hutaja Umoja wa Mataifa, wakisema umeilegezea bangi. Ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, nchi 27 dhidi ya 25 ziliiondoa bangi kwenye jedwali kali zaidi la mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961. Ilibaki kwenye Jedwali la Kwanza, yaani bado inadhibitiwa. Na kwenye kikao hicho hicho, pendekezo la kutamka wazi kwamba CBD yenye THC isiyozidi asilimia 0.2 iko nje ya mkataba lilikataliwa.

Hebu basi fikiria kaka yangu pale uwanja wa ndege, begi limefunguliwa, kichupa kina jani la bangi kwenye lebo. Atasema ni dawa ya mbwa. Risiti ya duka la ng'ambo haimkingi, na kipimo cha maabara kikikuta THC, hata chembe, maelezo yanakuwa mafupi sana. Sikutaka ndugu yangu alale mahabusu kwa ajili ya chupa ambayo sina hakika ingemsaidia Simba.

Simba hakuachwa hivi hivi. Daktari alimpima, akapima figo na ini, akamwandikia meloksikamu, dawa ya kutuliza uvimbe iliyosajiliwa kwa mbwa, ya kumpa pamoja na chakula. Usichukue diklofenaki au ibuprofeni yako mwenyewe ukamkatia kipande. Dawa hizo za watu huchoma tumbo la mbwa na kuua figo zake. Tukampunguzia na chakula, jambo lililonishangaza kwa faida yake. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata Labrador 48 maisha yao yote: waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Simba alikuwa mnene, na mnene kwa upendo wetu, sahani ya pili ya ugali na vichwa vya samaki kila jioni. Tulipoiacha, tukamtandikia godoro kuukuu badala ya saruji na kumtembeza mwendo mfupi mara mbili kwa siku, baada ya wiki kadhaa alisimama kwa jaribio moja.

Kabla hujampeleka wako, mpige video kwa simu akiamka asubuhi, akiwa hajui unamtazama. Kliniki mbwa huogopa, na akiogopa huficha kuchechemea kwake, daktari asione kile unachokiona wewe nyumbani kila siku.