Matunda Yaliyokatwa na Jokofu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Nyanda za Juu Kusini kuna baridi ya kutosha, hivyo bakuli la matunda likikaa mezani haliharibiki.

Ukweli: Matunda yaliyokatwa yanahitaji baridi isiyopandapanda, kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi. Mbeya mjini mwezi Julai, asubuhi ya kuvaa koti hufuatwa na mchana wenye jua ambao joto lake huweza kupita nyuzi 20, na vimelea hupata nafasi ya kuzaliana. Yasikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2.

Dhana: Jokofu huua vijidudu.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, kwa sababu baridi hupunguza tu kasi ya vijidudu, na bakteria aitwaye Listeria huendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu, akiwatishia hasa wajawazito na wazee. Mwaka 2011, nchini Marekani, matikiti ya shamba moja la Colorado yaliwaambukiza watu 147, na 33 kati yao wakafariki. Usafi basi hutangulia baridi: osha tunda likiwa zima, hata papai au tikiti ambalo ganda lake hutalila, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza kwenye nyama.

Dhana: Parachichi lililogeuka kahawia limeoza.

Ukweli: Mara nyingi ni vimeng'enya vya tunda vilivyokutana na oksijeni baada ya seli kupasuliwa. Ndiyo maana kisu kikali, kinachopasua seli chache, kikisaidiwa na maji ya ndimu na kifuniko kinachobana, hulinda rangi ya parachichi la Rungwe au tufaha la Njombe. Hata hivyo, rangi nzuri haithibitishi usalama.

Dhana: Tunda lisilofaa kuwekwa kwenye jokofu likiwa zima halifai hata likikatwa.

Ukweli: Embe bichi la Kyela likiwekwa kwenye baridi kali huathirika, ganda hupata madoa na tunda hushindwa kuiva vizuri, liache liive nje. Likishaiva na kukatwa, usalama wa mlaji huja mbele ya ladha, na vipande viingie kwenye jokofu mara moja, hata kama harufu yake itapungua kidogo.