Kusoma kifungu mara nyingi si sawa na kukielewa
Wengi huamini kwamba ukisoma kifungu cha sayansi au historia mara nne au tano, utakuwa umekielewa. Imani hiyo ina msingi: kila ukirudia, maneno huzoeleka na macho huteleza bila kukwama. Ila kuzoea maneno ni jambo moja, kuelewa ni jingine.

Chukua hiki: “Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27 hivi. Kutoka Duniani tunaona upande wake mmoja tu.” Je, Mwezi hujizungusha wenyewe? Wengi hujibu hapana, na si ajabu. Jibu ni ndiyo. Hakikisha mwenyewe: wewe uwe Mwezi, meza iwe Dunia, kisha izunguke meza huku uso wako ukiielekea muda wote. Ukimaliza duru, utakuwa umezitazama kuta zote nne, yaani umejizungusha mara moja. Kifungu hakikusema hivyo popote. Ni jibu la kufikiri.

Kwa hiyo funika kifungu, kieleze kwa maneno yako, kisha jiulize “kwa nini?” Ukikwama, rudia sentensi iliyokukwamisha, basi. Kwenye historia angalia zaidi kitu kimoja: tukio kutangulia jingine hakuthibitishi kwamba ndilo lililolisababisha.