Hamkukuta kitu, au hamkutafuta?

Kila nikizungumzia uchimbaji wa miji ya kale ya pwani yetu, lazima anyanyuke mtu aulize: "Kabla ya majumba ya mawe hamjakuta kitu. Basi si hapakuwa na mji?" Swali hili linanichosha, maana limewanyima wenyeji historia yao kwa miaka mingi.

Nyumba ya miti na udongo haiachi gofu. Fito huliwa na mchwa, makuti huoza, udongo wa ukutani hurudi ardhini. Kinachobaki ni duara jeusi mchangani, pana kama kiganja, pale nguzo ilipoozea. Ukikwangua kwa mwiko asubuhi ardhi ikiwa na unyevu, unaliona. Jua likipanda mchanga hukauka na rangi hupotea, na mwenye haraka analipiga sululu bila kujua. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya gofu la msikiti wa mawe miaka ya 1980. Akakuta misikiti mingine chini yake, na ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Ilitambulika kwa mashimo ya nguzo. Songo Mnara nako, karibu na Kilwa, palikuwa na uwanja uliodhaniwa mtupu kati ya majumba ya mawe. Vipimo vya sumaku, vinavyohisi kilichofukiwa kabla ya kuchimba, vikaonyesha alama, uchimbaji ukatoa nyumba za udongo.

"Hakuna mifupa, basi hawakula nyama." Uulize udongo kwanza. Wenye tindikali huila mifupa. Wenye chokaa ya matumbawe huitunza.

"Hakuna shanga, hawakufanya biashara." Chekeche la kuchekechea udongo uliochimbwa lilikuwa na matundu gani? Shanga ndogo kama punje ya mtama hupita matundu ya milimita 10 bila kugusa waya.

Wapo pia wanaosema kutopata hakuthibitishi lolote kamwe. Nao wanakosea. Mkichekecha vizuri mkatoa maelfu ya mifupa ya samaki iliyo salama, msione hata mmoja wa ng'ombe, hilo lina uzito, kwa sababu ungekuwepo mngeupata.

Kwa hiyo wanafunzi wangu huandika daftarini ukubwa wa matundu, kina cha shimo, aina ya udongo na sehemu ambayo haikuchimbwa. Ripoti inayosema tu "hakuna kilichopatikana" nairudisha kwa mwenyewe.