Magofu ya Fountains: anzia mtoni

Wengi wakiingia Fountains, abasia (monasteri) ya Wasitoo, shirika la wamonaki Wakatoliki, huko Yorkshire, Uingereza, hukimbilia mnara. Usianze huko. Mnara ule wa karibu mita 50 ulijengwa mwishoni kabisa, na Abati Marmaduke Huby, mkuu wa abasia kati ya 1495 na 1526. Wasitoo wa mwanzo walipiga marufuku minara ya kengele ya mawe.

Anzia mto Skell, unaopita kusini mwa kanisa. Wamonaki 13 waliotoka abasia ya St Mary's, York, walifika bondeni hapa mwaka 1132 na kukuta mawe, miti na maji, na maji ndiyo yaliyopanga majengo. Vyoo viliwekwa juu ya mto ili mkondo uzoe uchafu. Nyumba ya wagonjwa ilikalia mahandaki yanayopitisha mto chini yake. Jengo la magharibi, refu la mita 90 hivi, limevuka mto kwa ncha yake ya kusini: chini ghala, juu bweni la mabruda walei, watu wa mashamba na kondoo.

Kondoo hao ndio walioleta fedha, na madeni pia. Sufu iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Italia miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Upele ukiingia kundini, sufu hakuna, na malipo yameshatumika.

Mashariki mwa kanisa, kwenye sehemu iitwayo Altare Tisa, inua macho madirishani. Ardhi ilititia, upinde mmoja ukapasuka, na mafundi wa Abati Darnton wakaziba ufa kwa mawe ya kuchongwa: malaika, na uso wa mtu uliozungukwa na majani. Kwangu mimi hapo pana uzuri kuliko mnara.

Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia. Risasi, yaani metali iliyoezeka paa, iling'olewa iuzwe, na hilo ndilo pigo lenyewe. Kuta hizi ni ngozi mbili za mawe yaliyochongwa, katikati kifusi na chokaa. Mvua ikiingia kwa juu, chokaa hulainika. Baridi ikigandisha maji hayo, yanatanuka na kusukuma mawe nje. Ndiyo maana viungo huzibwa kwa chokaa, si saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, nao hutokea kwenye jiwe lenyewe, likabanduka magamba.

Mawe mengine hayakuanguka, yalibebwa. Ukitoka upande wa magharibi utayaona kwenye Fountains Hall, jumba la Stephen Proctor lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1600.