Mbu "chanya": maana yake nini hasa?

Ukisoma ripoti ya malaria ukakuta kwamba kati ya mbu 100 waliopimwa wawili walikuwa chanya, usikimbilie kuuliza kama wawili ni wengi au wachache. Uliza kwanza: walipimwa sehemu gani ya mwili? Sisi tunamwona mbu ni kadudu tu, lakini kwa kimelea cha malaria mwili ule ni safari ndefu, na vingi vinavyoianza haviimalizi.

Mbu jike wa jamii ya Anopheles anamuuma mtu mwenye vimelea. (Dume hana habari na damu, riziki yake ni maji matamu ya maua.) Damu ikishaingia tumboni, vimelea vya kiume na vya kike vilivyomo hukutana, kisha hupenya ukuta wa utumbo na kujijenga upande wake wa nje mfano wa vijipu vya mviringo. Wataalamu huviita oosisti. Ndani ya kila kijipu huzaliana mamia hata maelfu ya vimelea vyembamba vilivyopinda kidogo, navyo ndivyo sporozoiti. Kijipu kikipasuka, sporozoiti husambaa mwilini mpaka kwenye tezi za mate, zilizoko kifuani. Zikishafika huko, basi. Mbu hutema mate kabla ya kunyonya, na sporozoiti huingia kwa mtu pamoja na mate hayo.

Katika joto la nchi zetu safari hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14, na mbu wengi hufa kabla haijaisha. Kwa hiyo mbu wa kuogopwa ni kikongwe aliyebahatika kuishi.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tofauti yote imo katika umbo la kitenzi: kuna mbu aliyeambukizwa, na kuna mbu anayeambukiza. Wa kwanza ana vimelea popote mwilini. Wa pili anavyo kwenye tezi za mate. Takwimu ambayo vitabu huiita kiwango cha sporozoiti inamhesabu huyu wa pili peke yake: katika kila mbu 100 wa Anopheles, wangapi wamebeba sporozoiti tezini?

Hata historia ya ugunduzi huu ilipita hatua hizo hizo mbili. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari wa jeshi Ronald Ross aliona oosisti kwenye tumbo la mbu aliyelishwa damu ya mgonjwa wa malaria. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Mbu Duniani. Lakini kwa haki, alichokiona siku ile ni mbu aliyeambukizwa tu. Tezi za mate alizifikia mwaka 1898 akiwa Calcutta, tena kwa malaria ya ndege, na Waitalia akina Giovanni Battista Grassi ndio waliokamilisha picha hiyo kwa malaria ya binadamu.

Njia ya zamani ya kupima ni kumpasua mbu. Anawekwa kwenye tone la maji ya chumvi chini ya darubini, kifua kinashikiliwa kwa sindano moja, kichwa kinavutwa polepole kwa nyingine, na mkono ukiwa mwepesi tezi hutoka zimefuatana na shingo. Zinafunikwa kwa kioo chembamba, zinabonyezwa, kisha mpimaji anatafuta vile vimelea mfano wa sindano. Ni ushahidi wa macho, na kwangu bado haujapata mpinzani. Shida ni kwamba unataka mbu mbichi na fundi aliyezoea. Pia unataka subira, kwa kuwa sehemu nyingi wenye sporozoiti ni asilimia chache tu, pengine hawafiki hata mmoja kwa mia. Utapasua mbu kutwa nzima usione kitu.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 maabara nyingi zimeegemea kipimo cha ELISA. Hiki hakimtafuti kimelea mwenyewe bali protini inayoufunika mwili wa sporozoiti. (Kipande cha protini hiyo hiyo ndicho kilichotiwa kwenye chanjo ya malaria ya RTS,S.) Mbu waliokaushwa wanafaa, na kwa siku moja hupimwa mamia. Lakini protini hiyo huanza kutengenezwa mapema, ingali kwenye oosisti, kwa hiyo ukimsaga mbu mzima utamhesabu aliyeambukizwa kana kwamba anaambukiza. Dawa yake ni wembe: tumbo linakatwa na kuwekwa kando, kinasagwa kichwa na kifua peke yake.

Upo mtego mwingine ambao huwakumba hata wazoefu. Mbu wanaopenda damu ya ng'ombe, kama Anopheles arabiensis, wakati mwingine huonekana chanya bila kuwa na sporozoiti hata moja. Kitu fulani mwilini mwao hukidanganya kipimo. Kwa bahati nzuri kitu hicho hakistahimili moto, ilhali protini ya sporozoiti inastahimili. Sampuli chanya huchemshwa kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika 10, kisha hupimwa tena. Matokeo ya eneo la wafugaji ambayo hayakupitia hatua hiyo mimi huyasoma kwa mashaka.

PCR, njia ya maabara inayotafuta vinasaba vya kimelea, ni kali zaidi, na ukali huo wenyewe una hasara yake: inaweza kunasa hata masalia ya vimelea kwenye damu aliyoinywa mbu jana usiku. Hapa pia wembe unahitajika.

Hata ukiwa umepimwa vizuri, kiwango cha sporozoiti peke yake hakisemi mtu yuko hatarini kiasi gani. Lazima kizidishwe kwa idadi ya mbu wanaomuuma mtu mmoja. Tuseme wanakuuma mbu 20 kwa usiku na kiwango ni asilimia 2: hiyo ni sawa na kuumwa na mbu anayeambukiza mara 0.4 kila usiku, yaani mara 12 kwa mwezi. Katika kijiji cha Namawala, bonde la Kilombero, Tanzania, watafiti wa miaka ya 1990 walipata hesabu iliyopita mara 300 kwa mwaka. Chandarua chenye dawa hupunguza pande zote mbili za hesabu hiyo, kwa kumzuia mbu asiume na kwa kumuua kabla hajafikia ukongwe.

Mantiki hii haiko kwa mbu tu. Kwa usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yaendayo kasi, nchi inayotaka kuthibitisha kwamba maambukizi yamekoma huwapima inzi. Shirika la Afya Duniani linataka wasipungue 6,000, na vichwa vyao hupimwa kwa mafungu kwa PCR, maana minyoo iliyo tayari kumwingia mtu hukaa kichwani. Miili huwekwa akiba: fungu la vichwa likiwa chanya, inzi anaambukiza, miili ikiwa chanya na vichwa vikiwa safi, inzi amemuuma mtu mwenye ugonjwa, na mtu huyo bado yuko mahali fulani kando ya mto.