Herufi moja inayohamisha mkato

Mjomba wangu ana shamba la zabibu Mpunguzi, hapa Dodoma. Akipogoa, hakati kila penye jicho. Hushika tawi, akapima unene wake kwa vidole, akatazama macho ya jirani, ndipo mkasi unapolia. Nikifundisha jinsi seli inavyokata RNA, yaani nakala ya jeni, huwa naanza na mikono yake.

Jeni zetu nyingi ni vipandevipande. Vile vinavyobaki kwenye ujumbe wa mwisho, eksoni, hutenganishwa na introni, ambazo kwa kawaida ni ndefu kuliko eksoni zenyewe. Phillip Sharp na Richard Roberts waligundua hayo mwaka 1977. Seli hunakili vyote kwenye RNA, kisha hutoa introni na kuunga eksoni.

Inajuaje pa kukata? RNA huandikwa kwa herufi nne za kikemikali, A, C, G na U (kwenye jeni, U huwa T), na karibu kila introni huanza na GU na kuishia na AG. Wanafunzi wengi hujibu hivyo, wakatua kalamu. Lakini GU na AG zimetapakaa RNA nzima! RNA ndogo iitwayo U1 lazima ishikane na herufi kadhaa mwanzoni mwa introni. Kuelekea mwisho patafutwe A maalumu na mfululizo wa U na C. Hata hapo bado. Kuna protini zinazotua kwenye eksoni yenyewe: za kundi la SR huuita mtambo wa kukata, za kundi la hnRNP mara nyingi huuzuia.

Jeni ya SMN2 ndiyo iliyonifanya nilipende somo hili. Mtoto aliyekosa jeni pacha wake, SMN1, hudhoofika misuli, kwa sababu neva zinazoiendesha hufa. SMN2 ingemtosha, ila kwenye eksoni ya 7 ina T mahali pa C. Herufi hiyo haibadilishi hata asidi amino moja, yaani tofali la kujengea protini. Inachovuruga ni mahali pa kutua protini, na eksoni ya 7 inarukwa kwenye nakala nyingi. Protini inayotoka haidumu.

Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ni uzi mfupi wa herufi unaofunika mahali ambapo wazuiaji hutua kwenye introni ya 7. Jeni inabaki vilevile, eksoni inarudi.

Kwa hiyo nikiletewa majibu ya vinasaba yaliyoandikwa kwamba badiliko fulani haligusi protini, kwanza nahesabu liko herufi ngapi kutoka kwenye mkato, kisha naangalia nani hutua hapo.