Hela ya mwani na hii habari ya "kazi nyepesi"

Huku Bagamoyo maneno hayaishi, eti wanawake wanapata hela kidogo sababu kazi zao nyepesi. Hebu nenda kijijini Mlingotini maji yakitoka umuone mama anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, mgongo umepinda, jua la utosi, halafu uniambie wepesi uko wapi. Tofauti ya hela ipo kwenye aina ya mwani: spinosamu inaota maji mafupi na bei yake chini, kotonii ndo ina bei ila maji yakipata joto inakufa, inataka kina, yani chombo na kuogelea, na sisi mabinti tuliitwa ndani wakati kaka zetu wanaruka majini, ndo maana tumebaki na spinosamu. Sheria ya ajira ya 2004 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, sawa, ila huyu mama hajaajiriwa, anauza kwa kilo.